Marehemu Shaaban Robert: Fundi wa Nchi Zisizokuwapo

Jioni moja, baada ya sala ya isha, niliketi barazani hapa kwetu Chewele, kando ya Mto Tana, nikawasomea jirani zangu hadithi niliyoiandika kwa mkono katika daftari la shule. Ilikuwa hadithi ya mkulima aliyeziba malka kwa miiba, na ya mfugaji aliyefika na ng'ombe wenye kiu akakuta njia ya mtoni imefungwa. Sikuwa nimefika hata nusu. Mtu mmoja aliondoka mkekani, akakung'uta kanzu yake, akaenda zake bila ya kuaga. Wa pili akanyamaza kimya kisichokuwa cha heri. Kila mmoja alikuwa amejiona humo ndani, na kila mmoja aliona amesingiziwa.

Wasomaji wa Mvita na Unguja huenda wasijue malka ni nini. Ni njia inayopita kati ya mashamba, ambayo mifugo huifuata kwenda kunywa maji mtoni. Kwetu sisi njia hiyo si jambo la mzaha. Mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013, katika delta ya mto huu huu, mapigano baina ya wakulima na wafugaji yaliua watu zaidi ya 100. Basi mtu anayeandika juu ya malka, huku akiwachora jirani zake kwa mbuzi wao na vilemba vyao, anawasha kiberiti karibu na makuti.

Usiku ule ami yangu, ambaye amesomesha chuoni kwa miaka mingi, aliniita kando akanionya. Hoja zake zilikuwa mbili. Kwanza, nimewachonganisha watu. Pili, hadithi ya kubuni ni uongo, na uongo hauna baraka hata ukipambwa. Sikuwa na jibu. Nilifunga daftari nikaenda kulitia sandukuni, na humo sandukuni nikakutana tena na kitabu chembamba nilichokisoma zamani nikiwa mwanafunzi. Kilikuwa Kusadikika, cha marehemu Shaaban Robert.

Nilikisoma upya mpaka alfajiri. Zamani nilikisoma kwa hofu ya mtihani. Safari hii nilikisoma kama fundi mchanga anayechungulia karakana ya fundi mkuu, kutazama patasi imepita wapi na msumari umefichwa wapi. Tangu hapo nimeyafuata maisha ya bwana huyu, na leo nataka kuwasimulia, maana naamini ndani yake mna jibu la hoja zote mbili za ami yangu.

Shaaban Robert, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, upande wa Machui, karibu na mji wa Tanga. Tanganyika wakati huo ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Alipokuwa mtoto vilipita vita vikuu vya kwanza, Wajerumani wakaondoka, Waingereza wakaingia. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, na alipotoka shuleni aliajiriwa kuwa karani wa forodha. Kazi hiyo aliifanya mpaka 1944, na Pangani ni mmojawapo wa miji aliyokaa. Kisha akahamishiwa Idara ya Wanyama kule Mpwapwa, bara, mbali na harufu ya bahari aliyozaliwa nayo. Mwaka 1946 akarudi Tanga katika ofisi ya serikali, na toka 1952 hadi 1960 alikuwa karani katika idara ya upimaji ardhi.

Hebu ihesabu miaka hiyo, msomaji mpenzi. Ni 34 ya ukarani. Vitabu vyake vilivyompa jina, kama Kusadikika cha 1951 na Adili na Nduguze cha 1952, vilitoka alipokuwa bado mtu wa ofisini, mwenye mkubwa wa kazi juu yake na barua za serikali mezani pake. Mchana kalamu yake ilikuwa ya mwajiri, na saa zilizobaki ilikuwa yake mwenyewe. Wengi wetu tunaotamani kuandika husema tutaanza tukipata nafasi. Mtu huyu hakungoja nafasi. Hilo lilikuwa somo langu la kwanza, nami nikajiwekea kanuni: ukurasa mmoja kila siku baada ya sala ya alfajiri, kabla ya kwenda shamba, uwe mzuri au mbaya. Ukurasa mbaya unaweza kutengenezwa. Ambao haukuandikwa hautengenezeki.

Alianza na mashairi. Katika miaka ya 1930 watu wa Tanganyika walikuwa wakimsoma katika Mambo Leo, jarida lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923, ambalo kurasa zake zilikuwa uwanja wa malenga wa nchi nzima. Nasi watu wa pwani tunajua shairi linavyomfunza mtu adabu. Mizani ikizidi mmoja, msikilizaji anakunja uso. Kina kikipotea, beti zima limeharibika. Mtu aliyelelewa na sheria hizo akija kuandika hadithi, haoni uchungu kulitupa neno lisilokuwa na kazi. Mimi si mshairi, lakini nilichukua hadithi yangu ya malka nikaipima kwa mizani hiyo. Nilisoma kila sentensi kwa sauti, na kila neno ambalo likiondoka halidaiwi, nililiondoa. Kurasa 19 zikawa 11, na wala hakuna kilichopungua.

Jambo la pili nililoliona ni kwamba hakuandika peke yake. Alikuwa na ndugu yake, Yusuf Ulenge, naye mwandishi, ambaye alimwandikia barua kwa miaka na miaka. Barua hizo, za toka 1931 hadi 1958, zilikusanywa zikachapwa kitabu mwaka 2002, miaka 40 baada ya mwenyewe kufariki. Ukizisoma unamwona mtu wa kawaida, mwenye shida za nyumba na shida za kalamu, anayehitaji sikio moja la kuaminika. Mwandishi asiye na mtu wa kumwambia kweli ni kama nahodha asiyekuwa na wa kumpimia kina cha maji. Mimi kosa langu lilikuwa kuipeleka rasimu ya kwanza moja kwa moja barazani. Ilitakiwa ipite kwanza kwa mtu mmoja, tena mkweli, anifichie aibu yangu.

Maisha hayakumwendea laini. Mkewe Amina alifariki, akamwacha na majonzi na malezi, na shairi alilomtungia linajulikana mpaka leo na wapenzi wa lugha. Mwaka 1949 kilitoka kitabu chake Maisha Yangu, ambamo alieleza mitihani iliyompata. Nionavyo mimi, kuandika mambo yake mwenyewe kulimpa faida kubwa ya ufundi. Mtu aliyeutazama msiba wake mpaka akaweza kuuandika kwa utulivu, bila ya kumlaumu kila mtu, ataweza kumwandikia msiba hata mtu wa kubuni, na msomaji akauamini.

Sasa tufike Kusadikika, ambako ndiko nilikopata dawa yangu. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Alitaka kusema juu ya watawala wasiopenda kuambiwa kweli, na juu ya watu wanaoadhibiwa kwa kuwatakia wenzao mema. Angeandika juu ya ofisi fulani katika mji fulani, sijui kitabu kingefika wapi. Akafanya nini? Akajenga nchi nzima angani. Nchi isiyokuwamo katika ramani yoyote, isiyogusa ardhi, yenye mfalme wake, mawaziri wake na baraza lake. Humo akamweka kijana Karama, aliyeshitakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria. Wasomaji wengi wameuona ukoloni ndani yake. Wengine wameuona udhalimu wa kila zama. Lakini hakuna aliyeweza kusimama akasema kuwa yeye ametajwa. Anayesimama anakuwa amejitaja mwenyewe.

Hapo nikaiona hoja ya kwanza ya ami yangu ikijibiwa. Hadithi yangu iliwachonganisha watu kwa sababu niliwaacha jirani zangu uchi ndani yake, na mtu akijiona uchi hasikilizi lolote jingine. Mjengee nchi ya mbali, na ataingia mwenyewe kwa miguu yake, atatazama huku na huku, na huenda akajiona bila ya kuona haya.

Na hoja ya pili, ile ya uongo? Mwongo ni yule anayetaka aaminiwe. Shaaban Robert aliandika kwenye mlango wa nchi yake kwamba iko angani. Nyingine akaiita Kufikirika. Watu wake aliwaita Majivuno, Karama, Adili, Hasidi, Mwivu, Utubora. Ni nani atakayesoma majina hayo akadhani anasoma habari za mji wa jirani? Hakumdanganya mtu. Alipiga mfano, na kupiga mfano ni desturi kongwe ya walimu wetu, hata chuoni kwa ami yangu mwenyewe, ambako nilijifunza maana ya uchoyo kwa kisa cha tajiri na kisima chake kabla sijajua kuandika jina langu.

Lakini msidhani kwamba jina na nchi peke yake ndivyo vinavyosimamisha hadithi. Tazameni namna Kusadikika ilivyofungwa. Karama amesimama mbele ya mfalme na maisha yake yako hatarini. Hapo ndipo palipo fundo, nalo halifunguliwi upesi. Kwa siku sita anaeleza habari za wajumbe sita, waliotumwa pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe alitaabika akarudi na jambo la manufaa, na badala ya shukrani alilipwa mateso. Visa hivyo sita ni kama samaki katika utungo mmoja. Kila samaki ana minofu yake, lakini ukikata kamba wote wanaanguka. Kamba ni lile swali la tangu mwanzo: je, Karama atapona? Mwandishi mchanga hutupa samaki wake kikapuni ovyo, kisha hushangaa kuona msomaji hawezi kuwabeba.

Adili na Nduguze kina funzo jingine. Waliosoma Alfu Lela u Lela watakumbuka kisa cha Abdallah bin Fadhil na ndugu zake wawili waliogeuzwa wanyama. Mifupa ya Adili imetoka huko. Shaaban Robert hakuona aibu kuchukua mifupa ya kale, maana nyama na damu alizitia mwenyewe. Akawabadili watu, akawapa majina ya tabia zao, akaweka Kiswahili chake na mafunzo aliyoyataka. Tena tazama mahali anapomwingizia msomaji: liwali mwema, asifiwaye na watu wote kwa upole, usiku huwapiga manyani wawili kwa mjeledi. Mjumbe wa mfalme anaona, anastaajabu, anapeleka habari. Kwa nini mtu mpole awapige wanyama? Msomaji hawezi kulala kabla hajajua. Ndipo kisa kinarudi nyuma kwenda kueleza asili ya mambo. Mimi hadithi yangu nilikuwa nimeianza na babu ya mkulima, nikaja kwa baba yake, nikapita mafuriko mawili na ukame mmoja, na malka ilifungwa katika ukurasa wa 8. Nilichana kurasa saba. Hadithi sasa inaanza ng'ombe wamesimama mbele ya miiba.

Alikuwa pia msomaji mkubwa. Ruba'i za Omar Khayyam alizitia katika Kiswahili, zikachapwa mwaka 1952. Insha alizitunga tangu zamani, na Kielezo cha Insha kilitoka 1954. Alipotaka kueleza maisha ya mtu wa kweli, alichukua yale ya mwimbaji mashuhuri wa Unguja, Siti binti Saad, aliyefariki 1950, akayaandikia wasifu. Maana yake ni kwamba aliizoeza kalamu yake kila namna ya kazi, kama fundi seremala anayejua kitanda, mlango na jahazi.

Haifai, hata hivyo, kumsifu mtu mpaka tukafumba macho. Wahakiki wamesema, na mimi nakubaliana nao, kwamba watu wake wengi ama ni wema wote ama ni wabaya wote. Ukishasikia mtu anaitwa Hasidi, unajua atafanya nini kabla hajafanya. Hilo lina faida yake katika mfano, lakini lina hasara yake katika hadithi. Utubora Mkulima, kisa cha mtu aliyeacha kazi ya mshahara mjini akaenda kulima, kiko karibu zaidi na ardhi tunayoikanyaga, ijapokuwa Utubora naye ni mwema mno kwa jirani wa kawaida. Kwa hiyo jina la tabia nililipokea kwa sharti. Mkulima wangu nilimwita Jasho, mfugaji nikamwita Kiu. Hakuna aliye mwema au mbaya kwa kuwa na jasho, wala kwa kuwa na kiu. Kisha nikajilazimisha kumpa Jasho kosa moja la kweli, na Kiu hisani moja ya kweli, na kinyume chake. Kazi hiyo ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko zote, kwa sababu mimi mwenyewe nina shamba, na moyo wangu ulikuwa umekwisha kuhukumu.

Funzo la mwisho ni la subira. Yaelezwa kwamba Kufikirika alikiandika mwaka 1946. Kilichapwa 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilitoka 1968. Mwenyewe alikwisha kufariki Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53, miezi michache tu baada ya Tanganyika kupata uhuru. Alipata heshima katika uhai wake: nishani ya Margaret Wrong, ile ya M.B.E., na kiti katika kamati za lugha ya Kiswahili. Lakini baadhi ya kazi zake bora hakuwahi kuzishika mkononi zikiwa vitabu. Mswada wa Kufikirika ulingoja miaka 20 na zaidi. Aliendelea kuandika mingine.

Basi nami niliandika upya. Nchi yangu nimeiita Katimito, nchi iliyo baina ya mito miwili ambayo hakuna aliyewahi kuivuka. Niliiandika mara nne. Ya kwanza kutia yote niliyonayo, ya pili kutafuta fundo na kuliweka mbele, ya tatu kuwapa watu wangu haki zao, ya nne kupunguza maneno. Kisha nikampa ami yangu aisome peke yake. Aliirudisha baada ya siku tatu bila ya kuisifu, lakini alikuwa ametia alama ya kalamu mahali pawili ambapo Kiswahili changu kilikuwa kimelegea. Kwa mtu aliyeniambia kwamba hadithi ni uongo, alama zile mbili zilinitosha.

Niliisoma barazani wiki iliyofuata. Yule jirani aliyeondoka mara ya kwanza alikuja, akaketi pembeni karibu na viatu, tayari kuondoka tena. Hakuondoka. Nilipomaliza, watu waligawanyika, hawa wakimtetea Jasho, hawa wakimtetea Kiu, na kwa mshangao wangu kulikuwa na wakulima upande wa Kiu. Hakuna aliyeuliza nimemwandika nani.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba hadithi imeifungua malka. Miiba bado ipo, na wazee bado wanakutana juu yake. Lakini watu walipokuwa wakitawanyika, yule jirani alinikaribia akaniambia kwamba nimekosea mahali pamoja. Nimeandika kwamba ng'ombe walianza kulia walipoyaona maji. Akanieleza kwamba mtu aliyechunga hawezi kuandika hivyo, kwani ng'ombe mwenye kiu huinusa mito kabla ya kuiona, na kilio chake huanza mbali, vumbini, ambako mchungaji mwenyewe haoni kitu.

Nilikwenda nyumbani nikawasha taa, nikafungua daftari, nikaandika mara ya tano.